SUMBAWANGA: JINA NA DHANA
Tujuane kabla ya kuhukumiana



Mtu wa Sumbawanga akisafiri akafika Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, akaulizwa kwao ni wapi naye akataja, mara nyingi hukutana na jambo moja. Aliyemwuliza hucheka, kisha hujifanya anasogea kando, kisha husema kwa mzaha ulio nusu kweli, "Basi wewe hatukuwezi." Katika fikira za watu wengi wa nchi yetu, Sumbawanga ni mji wa uchawi, na atokaye huko ama ni mchawi, ama ni mtoto wa mchawi, ama kwa uchache aijua njia ya kwenda kwa mchawi. Mzaha huu umezoeleka hata wenyeji wenyewe hucheka pamoja na wanaowacheka.

La ajabu ni kwamba jina lenyewe, kama wenyeji waelezavyo, lina maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Jina lasema: Tupa uchawi. Ni amri ya kuuacha, si tangazo la kuuza. Walimwengu wakalishika neno la pili, wakalidondosha la kwanza, na juu ya nusu ya jina wakajenga sifa ya watu wazima wenye nchi, historia na heshima yao.

Katika makala haya twataka kueleza namna ya kuikata dhana kama hii. Sisi tusomeshao watoto Kurani, ambao elimu yetu ya dunia ni ile ya shule ya msingi tu, tumeona kwamba ziko elimu zinazoweza kutusaidia katika jambo hili, nazo Mwislamu hana haja ya kuziogopa. Ni zile ziitwazo kwa jumla maarifa ya jamii, jina ambalo wengi waliopita shuleni wanalikumbuka. Ndani yake mna historia. Mna sosholojia, ambayo huchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja. Mna anthropolojia, ambayo huchunguza mila na maisha ya watu kwa kukaa nao. Mna akiolojia, ambayo husoma yaliyofukiwa ardhini. Na mna isimu, ambayo ni elimu ya lugha.

MPANGO WA SURA YA HUJURAT

Kila Mwislamu amekwisha kusikia khutuba juu ya aya ya 13 ya Suratul Hujurat, inayotujulisha kwamba tumeumbwa kutokana na mume na mke, tukafanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule amchaye zaidi. Lakini ni wachache wanaoangalia yaliyotangulia aya hiyo. Katika aya ya 6 tumeamrishwa kuihakikisha habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Katika aya ya 11 tumekatazwa kudharauliana na kubandikana majina ya kuudhi. Katika aya ya 12 tumeonywa na dhana, upelelezi na kusengenyana. Ndipo, baada ya hayo yote, likaja neno la kujuana.

Mpango huo ni darasa peke yake. Kujuana hakuji kwa kupeana mikono tu siku ya Idi. Hutanguliwa na kuhakikisha habari, kuuzuia ulimi na kuikataa dhana. Basi elimu yo yote inayomfundisha mtu kuhakikisha habari za watu wengine, kwa subira na uadilifu, inafanya kazi iliyo ndani ya amri hiyo.

Wala si jambo geni katika umma wetu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, aliishi katika zama za Sultan Mahmud wa Ghazni, ambaye majeshi yake yaliishambulia India mara nyingi. Al-Biruni alijifunza lugha ya Kisanskriti, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, na yapata mwaka 1030 akamaliza kitabu kikubwa juu ya India. Alieleza kwamba atayataja maneno ya Wahindu kama wayasemavyo wenyewe, bila kuyageuza ili apate kuwashinda. Wala hakuficha kwamba mashambulizi ya Mahmud yaliwatia Wahindi chuki juu ya Waislamu. Huyo alikuwa Mwislamu mwenye imani yake kamili; kuwaelewa watu wa dini nyingine hakukumpunguzia kitu.

Baada yake akaja Abdurrahman ibn Khaldun wa Tunis, aliyezaliwa mwaka 1332 akafa Kairo mwaka 1406. Katika Mukadima yake, aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu wanahistoria waliopokea kila habari bila kuipima. Alitoa mfano wa habari iliyosema kwamba Nabii Musa, amani iwe juu yake, alihesabu askari laki sita au zaidi. Ibn Khaldun akauliza: jeshi la namna hiyo lingelishwa nini, na lingepangwaje vitani hata upande mmoja ujue yanayotendeka upande wa pili? Hivyo alitufunza kwamba habari hupimwa kwa kuyajua maisha ya watu yalivyo.

Nasi tulio walimu wa chuo twaijua njia iliyo karibu na hiyo. Wataalamu wa hadithi hawakuipokea hadithi mpaka waulize: nani kakuambia, naye kaambiwa na nani, je, alikuwapo, je, ni mkweli? Ichukue habari ya Sumbawanga uipime kwa kipimo hicho. Nani kakuambia? "Watu wanasema." Watu gani? "Wote wanasema." Isnadi imekatika tangu hatua ya kwanza.

WALIOKUJA KUULIZA WALIKUTA NINI

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na mji wa Sumbawanga uko juu yake, mahali penye baridi inayowashangaza wageni. Tangu zamani watu wake ni wakulima wa ulezi na maharage, na baadaye mahindi.

Miaka ya mwanzo ya uhuru, kuanzia mwaka 1962, alifika huku mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Roy Willis, ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alikaa vijijini, akajifunza Kifipa, akasikiliza hadithi za wazee na mashauri ya vijiji. Katika maandishi yake mengi kimo kitabu cha mwaka 1981 juu ya jinsi dola ya Wafipa ilivyojengeka, na kingine cha mwaka 1978 chenye hadithi zao za mdomo.

Willis alikuta nini? Hakukana kwamba watu wa Ufipa, kama watu wa nchi nyingi, waliuogopa uchawi. Lakini lililomshangaza zaidi ni amani. Mwaka 1989 kilitoka kitabu juu ya jamii za amani katika pande mbalimbali za dunia, naye Willis alikuwa mmoja wa wahariri wake wawili. Sura moja aliiandika mwenyewe juu ya fumbo la amani ya Ufipa. Aliliita fumbo kwa sababu amani hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Katika karne ya 19 nchi iliona misukosuko mikubwa. Wangoni waliokuja kutoka kusini mwa Afrika walifika hapa, na mfalme wao Zwangendaba akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Watoto na majemadari wake wakagombania urithi, wakatawanyika, wengine wakaelekea Songea, wengine nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Baada ya tufani hiyo Ufipa ilitulia. Mpelelezi wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipopita mwaka 1880 aliona watu wa kilimo, wenye bidii na wasiopenda vita. Kwa maelezo ya Willis, watu hawa walijijengea maisha ambamo kazi ya mikono, biashara na mazungumzo vilipata heshima kuliko mkuki.

Basi tafakari, ewe msomaji. Kwa wanazuoni wa mbali waliokuja kuuliza na kukaa, Ufipa ilikuwa mfano wa amani. Kwa ndugu zetu wa nchi moja ambao hawakuuliza, ni mfano wa uchawi. Ng'ambo tumesifiwa, nyumbani twachekwa.

Willis aliandika pia masimulizi ya kale ya Milansi, kiti cha wafalme wa kwanza. Yasimuliwa kwamba wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa, walifika Milansi mfalme Ntatakwa akiwa ametoka kwenda kuwinda, nao wakapata kukalia kiti chake. Mfalme aliporudi hapakumwagika damu. Palifanywa mapatano: wageni wakachukua utawala wa nchi, na wenyeji wa Milansi wakabaki na mahali pao pa heshima na kazi zao za kimila. Watwa wakatawala, baadaye katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Sisi Waislamu hatuyachukui masimulizi haya kuwa itikadi. Lakini tukiwaelewa wayasimuliao, twaona kwamba watu hawa waliweka katika msingi wa historia yao swali ambalo kila nchi inalo: mgeni na mwenyeji wakaeje pamoja bila kuuana?

Kisha wakaja wachimbuzi. Katika gazeti la utaalamu la Tanganyika, Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958 waliandika juu ya uyeyushaji chuma wa Ufipa, na tangu miaka ya 1990 mwanaakiolojia Mtanzania, Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichunguza mabaki yake katika Nkansi. Matanuru makubwa ya udongo, yaitwayo malungu, yalisimama kupita kimo cha mtu, mengine yakikaribia mita 3. Hayakuvukutwa kwa mivukuto. Yalijengwa kwa ustadi hata hewa ikajivuta yenyewe kupitia matundu ya chini na kupanda juu, moto ukawaka kwa nguvu. Mapunda alionyesha kwamba huko Nkansi palikuwa na njia zaidi ya moja za kuyeyusha chuma. Majembe yaliyotokana na kazi hiyo yalikuwa mali ya biashara na ya mahari, mpaka chuma cha Ulaya kilichouzwa kwa bei ndogo kilipoizima kazi hiyo.

Tena tazama mashamba. Wafipa hufukia majani katika matuta ya mviringo, ambayo wao huyaita intumba, yakaoza na kuwa mbolea, kisha tuta hutawanywa na kupandwa. Mgeni apitaye njiani huona vichuguu tu. Aulizaye huona elimu ya udongo.

KUHUSU UCHAWI WENYEWE

Msomaji aweza kusema: "Lakini mwalimu, uchawi upo, na Kurani imeutaja." Ni kweli, sihiri imetajwa katika Kurani, na kuitenda ni katika madhambi makubwa. Lakini kuamini kwamba dhambi fulani ipo duniani si ruhusa ya kumtwika dhambi hiyo jirani yako pasipo ushahidi. Twaamini kuwa zinaa ipo. Je, sheria haikumwadhibu amsingiziaye mwenzake zinaa?

Hapa nako maarifa ya jamii yana la kutufunza. Mwaka 1937 Evans-Pritchard alitoa kitabu juu ya Waazande wa Sudan na nchi za jirani. Alieleza kwamba ghala likiwaangukia watu, Waazande wajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo zake. Wanalouliza ni jingine: kwa nini limeanguka saa ile ile ambapo watu hawa hasa walikuwa wamekaa kivulini mwake? Hapo ndipo wanapojibu kwa uchawi. Ukilifahamu hilo waelewa kwamba mwenye kuamini uchawi si mjinga. Anauliza swali ambalo kila mwenye msiba huuliza: kwa nini mimi, na kwa nini leo? Sisi jawabu letu ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na subira. Lakini jawabu letu litamfikia iwapo kwanza tumelisikia swali lake.

Willis naye mwaka 1968 alichapisha makala juu ya kundi lililoitwa Kamchape, la vijana waliozunguka vijijini wakidai kufichua na kusafisha uchawi. Mzizi wake ulikuwa katika kundi lililotokea Nyasaland, yaani Malawi ya leo, katika miaka ya 1930, ambalo Audrey Richards alikuwa amelieleza mwaka 1935. Alichokiona Willis ni kwamba tuhuma zilifuata nyufa zilizokwisha kuwapo kijijini, hasa kati ya vijana na wazee. Mwanachuoni wa Kitanzania, Simeon Mesaki, alipochunguza mauaji ya watuhumiwa wa uchawi katika Usukuma, alikuta kwamba waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee. Miongoni mwa mambo aliyoyataja kuwa yalichochea balaa hilo ni mtikisiko wa watu kuhamishiwa katika vijiji vya pamoja katika miaka ya 1970. Hayo si mambo ya majini. Ni ardhi, ni urithi, ni ujirani wa ghafula, ni upweke wa mjane.

Tumeyaona haya kwa macho. Mwanafunzi mmoja katika chuo chetu aliacha kuja. Tulipouliza, wenzake walisema kwa sauti ya chini kwamba hawakai naye mkeka mmoja, maana bibi yake "si mtu wa kawaida". Tulikwenda nyumbani kwao pamoja na mzee mwingine wa msikiti. Tukamkuta mama wa makamo makubwa, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, akiishi na mjukuu huyo peke yao. Tukauliza, tukauliza tena, nani aliyeanza maneno. Baada ya siku kadhaa habari ilikomea kwenye mpaka wa shamba, ambapo jirani mmoja alikuwa akidai hatua chache za ardhi. Shauri la mpaka likapelekwa kwa wazee wa mtaa likasemwa kwa jina lake. Mtoto alirudi chuoni. Bibi yake wapo ambao bado hawamsalimu. Dhana hutoka polepole kuliko inavyoingia. Lakini hakuna aliyemgusa, na mjukuu wake amefika juzuu ya tatu.

Angalieni, ndugu: hatukuhitaji mganga, wala hatukuhitaji shahada. Tulihitaji kuuliza maswali ambayo wenye elimu hizi huyauliza. Nani kasema? Lini? Kuna nini kati yao?

UTANI NA DHIHAKA

Wengine husema: "Tunawatania tu." Basi na tuutazame utani, maana ni hazina ya nchi yetu. Mwaka 1944 R. E. Moreau, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza ndege katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alichapisha makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Katika masimulizi ya watu, utani mwingi hutajwa kuwa ulianza baada ya vita, au kutokana na safari na biashara. Waliopigana babu zao wakakubaliana kwamba tangu sasa watapigana kwa maneno, na hakuna wa kukasirika.

Lakini utani una sharti. Ni wa pande mbili: ukinitania, nami nakutania. Tena una wajibu: siku ya msiba mtani ndiye afikaye kwanza, ashikaye kazi na kuwachekesha wenye huzuni. Mzaha wa Sumbawanga hauna hata moja ya hayo. Huenda upande mmoja, na asemaye haji mazikoni. Huo si utani. Ni dhihaka iliyovaa kanzu ya utani, na aya ya 11 imekwisha kuitaja.

TUJIKAGUE NA SISI

Uadilifu wataka tusiseme ya wenzetu tu. Maarifa haya ya jamii nayo yana historia yenye doa. Wakati wa ukoloni serikali iliyatumia ili kutawala. Tanganyika ilikuwa na mtaalamu wa jamii wa serikali, Hans Cory, aliyekusanya sheria na mila za makabila, na kitabu chake juu ya sheria za Wasukuma kilitoka mwaka 1953. Kazi hiyo ina faida hata leo kwa atakaye kujua, lakini ilifanywa ili mtawala ajue jinsi ya kutawala, na mila iliyokuwa ikibadilika mdomoni mwa wazee ikawa imegandishwa kitabuni. Kwa hiyo kila asomaye yapasa aulize: aliyeandika alitumwa na nani?

Na sisi Waislamu je? Karne ya 19 misafara ya pwani ilipanda mpaka nchi za maziwa, ikaleta nguo, shanga, lugha ya Kiswahili na dini yetu. Misafara hiyo hiyo ilibeba pembe, ikabeba na watumwa. Watu wa pwani walijiita waungwana, na watu wa bara wakawaita washenzi. Neno hilo walilisikia mababu wa hawa majirani zetu. Tukitaka kufahamu kwa nini katika baadhi ya nyumba za bara Mwislamu bado hutazamwa kwa jicho la pembeni, jawabu moja liko hapo, na historia haitatuonea haya.

Katika Ufipa walio wengi ni Wakristo wa Kikatoliki, na sisi ni wachache. Mapadri Weupe walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mara nyingi twasikia kwetu kwamba Wafipa walipumbazwa wakawatoa watoto wao kwa wageni. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya familia za Wafipa, alieleza tofauti. Tangu kabla ya misheni, mtoto wa Kifipa akishakua kidogo hutoka chumba cha wazazi akaenda kulelewa na kulala kwa babu na bibi, au pamoja na wenzake. Kwa hiyo mtoto kukaa misheni hakukuwa kioja. Kulifuata njia iliyokuwapo. Mzazi aliyempeleka mtoto alitenda kama mzazi mwenye akili, ndani ya mila yake. Hatuhitaji kuikubali dini yake ndipo tuikubali akili yake.

Na tuongeze hili kwa vijana wapendao mabishano. Shirika hilo la mapadri liliasisiwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, na vazi lao jeupe lilifuata mavazi ya Waislamu wa Algeria. Watu wawili waweza kuvaa kanzu moja, mmoja akielekea msikitini na mwenzake kanisani. Ukihukumu kwa macho tu utakosea wote wawili.

YATUPASAYO

Leo uwanda huu na bonde la Rukwa si mali ya kabila moja. Wamo Wafipa, Wamambwe, Walungu, Wanyiha na Wanyamwanga, na tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 wameshuka Wasukuma wengi na ng'ombe wao. Mkulima na mfugaji wanagombania maji na malisho, na kila upande una jina baya uliloubandika upande wa pili. Hapa ndipo kujuana kunapokuwa jambo la uhai. Mkulima asiyejua kwamba kwa Msukuma ng'ombe ni akiba, ni mahari na ni heshima, ataona ukaidi tu. Mfugaji asiyejua kwamba tuta lile la majani ni mbolea ya mwaka ujao, atalikanyaga akidhani ni kichaka. Kujua hakuondoi kila ugomvi, wala hakumpi mwenye kosa haki. Lakini huwafanya wagombanao wagombanie jambo lenyewe, si jina la kabila.

Kwa hiyo twawausia wazazi mambo matatu. Kwanza, mtoto akileta nyumbani maneno juu ya jirani, au juu ya kabila, au juu ya mji, aulizwe kwa upole: "Nani kakuambia? Yeye aliona?" Akizoea swali hilo udogoni, ukubwani hatakuwa katika kundi la warushao mawe. Pili, yasitajwe katika nyumba ya Mwislamu majina ya kudharau watu, hata kwa kicheko, maana watoto hushika kicheko kabla ya kushika maana. Tatu, watoto wetu wa kike na wa kiume wanaofika vyuo vikuu wasifikiri kwamba elimu yenye faida ni udaktari na uhandisi peke yake. Umma wahitaji wanahistoria wake na wachunguzi wake wa jamii, ili habari zetu na za jirani zetu zisiandikwe daima na wapitao njia.

Na wewe kijana usiyefika chuo kikuu, usijione huna sehemu. Nunua daftari moja. Nenda kwa babu au bibi wa jirani, awe Mwislamu au si Mwislamu, umsalimu kwa heshima ya kwao, umwombe akueleze: mlilimaje, mlioaje, mlisuluhishanaje, jina la kijiji hiki lilitoka wapi? Andika asemayo kama asemavyo, usimrekebishe. Andika jina lake na siku. Kisha mwulize mwingine, ulinganishe. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya al-Biruni, na ndiyo iliyomwonyesha mgeni wa Edinburgh amani ambayo sisi tunaoishi ndani yake hatukuisema. Wazee wanaondoka, na kila mmoja azikwapo huenda na kitabu ambacho hakikuandikwa.

Jina la mji wetu limetuamuru tutupe. Na tuanze kwa kutupa dhana, kwa sababu hiyo imo ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu, tangu leo jioni, pale tukaapo kula na watoto wetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kuhakikisha kabla ya kusema, na nyoyo zenye kuwajua watu kabla ya kuwahukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.